Pazia la Shuka Sokoni

Garissa, Alhamisi

Ndugu yangu Hirsi,

Assalaam aleikum. Natumai wewe, mama Sagal na ngamia wenu hapo Tarbaj mu wazima, na mvua imewafikia. Sisi hatujambo, ila joto la Garissa unalijua.

Kosa la watu wengi, nawe ukiwamo, ni kudhani mgonjwa huokolewa na mbio za ambulansi. Uliniuliza kwa nini binti yako asomee miaka mizima kazi ya kupanda gari. Hirsi, mtu anayevuja damu huokolewa palepale alipoangukia. Gari humalizia tu. Hilo ndilo Sagal anafundishwa.

Jana, siku ya mnada wa mifugo, fahali alimchoma Mzee Bishar pembe ya paja. Sagal alikuwa hapo karibu, pamoja na mwalimu wake Mueni, yule mwanamke Mkamba. Wanaume wakamzuia mtoto, wakiuliza msichana atamfunuaje mzee, aitwe mwanamume! Damu inatiririka. Mimi, niliyewafundisha nusu yao kusoma, bado natafuta maneno. Mueni akawaambia wavue shuka za mabegani, wazishike kumzunguka mzee, wageuze nyuso nje. Wakatii. Ndani ya pazia hilo Sagal akakandamiza jeraha kwa mikono miwili, akalifunga, damu ikakoma. Bishar mwenyewe akawafokea wenzake kwamba aibu ataiona akishapona. Leo yuko hospitalini, anauliza kama fahali ameuzwa.

Watu wakampongeza Mueni. Desturi ni yetu, lakini akili ikatoka kwa mgeni. Nikaondoka bila kuaga. Nyumbani kwangu siku hizi ni Mueni kasema hivi, Mueni kasema vile. Mtoto niliyemfundisha herufi ananiita eeddo, shangazi, basi. Mwalimu ni yule.

Uliniachia niamue kama Sagal aende na Mueni mazoezini kwenye kambi ya wakimbizi ya Dagahaley au arudi kwenu. Nakiri jibu lilikuwa tayari: arudi. Ningesingizia heshima ya msichana. Si heshima, Hirsi, ni wivu, na ninao hata sasa ninapoandika. Usimrudishe mtoto kwa sababu ya wivu wangu.

Mwanangu Mustafe ataipiga picha barua hii akutumie sasa hivi, maana kwa sauti ningeshindwa. Msalimie mama Sagal na wote wanaoniulizia, na Mungu awahifadhi. Mueni na wanafunzi wake wanaondoka kesho asubuhi. Mpigie Sagal leo, umwambie aende.

Dada yako,
Faduma