Papa Anatafuta Kaye Ambayo Haikuwepo

Mama Mshauri mpendwa,

Ninakuomba msaada kwa barua kwa sababu kwa mdomo siwezi, mimi ni mtu wa haya, hata darasani nikijua jibu ninaliandika pembeni ya kaye, daftari langu, na kungoja mwingine alitoe, nina miaka kumi na sita, ninasoma kwa masista hapa Kisangani, tunaishi Mangobo, shuleni ni Kifaransa na nyumbani ni Kiswahili, na jambo hili nimejaribu kulisema katika lugha zote mbili mbele ya kioo na limekataa kutoka.

Papa yangu ni mkuu wa chumba cha mashine katika kampuni moja pale Makiso, jina sitalitaja. Kila mfanyakazi alikuwa na kadi yake ngumu yenye matundu, na mashine ya zamani ilikuwa inasoma matundu na kujua huyu ni nani na alianza kazi mwaka gani. Lakini wakati wa uasi wa 1964 makaratasi yote ya kampuni yaliungua, na kadi zilipotengenezwa upya ilikuja amri ya kutoboa 1967 kwa watu wote, ati miaka ya nyuma itathibitishwa baadaye, na haijathibitishwa mpaka leo. Papa hakukubali miaka ya watu ipotee. Aliwaita wazee mmoja mmoja, kila mmoja na mashahidi wawili, akaandika mwaka wa kweli na majina ya mashahidi kwa penseli nyekundu nyuma ya kadi. Mashine haikuona nyekundu. Papa ndiye alikuwa anaiona, na kila mzee alipofika siku ya kupumzika, Papa alikuwa anageuza kadi na kumpa miaka yake yote.

Bon, mwaka huu imekuja mashine mpya kutoka Kinshasa, ile wanaita ordinateur, yaani kompyuta, pamoja na fundi wa kuifunga, kijana mmoja tunayemwita tonton Timothée, na Citoyen Directeur, mkubwa wa kampuni, akasema kadi zote ziwe zimeingia ndani yake kabla ya tarehe ishirini ya mwezi wa tano, ili wageni wa sikukuu ya chama waione ikifanya kazi. Donc ilibaki wiki tatu. Lakini kadi zetu zilikuwa zimevimba kwa unyevu wa miaka yote hiyo, mashine mpya ikimeza moja inakwama, na ikikwama inapasua, na ikiisha kupasua courant ya umeme inakatika na kazi ya asubuhi nzima inapotea. Papa akaleta pasi ya makaa ya Mama kutoka nyumbani, akaanza kuzinyoosha kadi chini ya kitambaa. Tonton Timothée akacheka mpaka akakaa chini.

«Papa, huku kwenu mashine iko navaa shati?»

«Iko navaa, kijana,» Papa akajibu bila kuinua macho. «Na weye ukibakia hapa miezi mbili, utavimba sawa hizi kadi, nitakupiga pasi pia.»

Zile zilizopasuka ilibidi kuzitoboa upya, na macho ya Papa yamechoka, ndiyo maana akawa ananipitisha mlango wa nyuma baada ya shule, hairuhusiwi lakini watu walikuwa wachache na tarehe ilikuwa inakuja, nikakaa kwenye mashine ya kutoboa, ninasoma kadi ya zamani na kutoboa mpya. Papa aliniambia kitu kimoja tu. Kila kadi nitakayotoboa, nyekundu yake niiandike kwenye kaye, kwa sababu kadi iliyopasuka inatupwa.

«Matundu na nyekundu, yote ni mutu mumoja,» alisema. «Usiache nusu ya mutu.»

Sanduku la kwanza nilifanya hivyo, kaye ikajaa, nikampa. Sanduku la pili lilikuwa la wazee wa zamani kabisa, thelathini na mmoja, na zilikuwa zimebaki siku tatu, na courant ilikatika siku moja na nusu, na vidole vyangu vilikuwa vimevimba, na nikaanza kuruka nyekundu, nikijiambia matundu kwanza, nyekundu nitarudi kuandika. Jumamosi wakaja kusafisha chumba kwa ajili ya wageni. Papa akaniuliza mbele ya Directeur, «Za sanduku la pili umeandika?» na mimi nikasema ndiyo. Sijui kwa nini. Directeur alikuwa ananiangalia kama anauliza huyu mtoto ni wa nani. Papa akasema, «Basi toa ile takataka,» yaani zile kadi zilizopasuka, na mimi nikaitoa, Mama Mshauri, niliibeba kwenye kikapu mpaka nyumbani, nikifikiri nitaandika jioni, lakini nilipokuwa nimekwenda kuteka maji mama mdogo Berthe alipita na kuchukua kikapu, kama anavyochukua siku zote, kwa sababu yeye anauza karanga sokoni na kwa miaka mingi kadi mbovu za Papa ndizo anazokunja kufungia karanga. Jumatatu nilipothubutu kumfuata alikuwa anakunja na kuuza.

Siku ya sikukuu mashine ilifanya kazi vizuri. Wageni walipiga makofi.

Mwezi uliofuata akaja Papa Lukumani, mbeba mizigo wa bandarini, aliyeanza kazi mwaka 1949, ametimiza miaka thelathini, na kitanda chake alikuwa amekwisha kukituma Ubundu kwa treni kwa sababu huko ndiko atapumzikia. Mashine ikasema alianza 1967, bado hajamaliza, arudi bandarini. Yeye magoti yake hayakunjiki tena. Papa akamwambia, «Ngoja, mzee, miaka yako niko nayo,» akageuza kadi mpya, nyuma nyeupe, akafungua kaye, hakuna. Jioni akaniuliza pole pole, bila hasira hata kidogo, «Nyota, za sanduku la pili uliandika wapi?»

Nikasema, «Kwenye kaye ya pili, Papa. Nilikupatia mukononi.»

Akafikiri sana. «Ilikuwa rangi gani?»

Nikasema, «Ya buluu.»

Tangu siku ile anaitafuta. Ametoa nguo zote sandukuni, amepanda juu ya dari, amewauliza majirani, amewasha mshumaa kwa Mtakatifu Antoni anayerudisha vitu vilivyopotea, na akiona mtoto njiani na kaye ya buluu anasimama. Papa Lukumani analala juu ya mkeka, anabeba magunia, na kila Ijumaa anakuja kukaa kwenye ngazi ya kampuni, anamwangalia Papa tu akipita. Na Papa anaamini ni yeye. Ananiambia, «Kichwa yangu iko naniacha, Nyota. Nakumbuka ya kwanza vizuri, ya pili sikumbuki hata kuishika.» Juzi aliniita nimwandikie barua kwa Directeur, yeye anasema kwa Kiswahili mimi naandika kwa Kifaransa, kwamba hafai tena kwa kazi kwa sababu anasahau, na kosa ni lake peke yake, na anaomba kurudi kwao Yahuma. Nilitafuta maneno mazuri, Mama Mshauri. Akanisifu kwa mwandiko wangu. Barua iko ndani ya Biblia na ataipeleka Jumatatu ya mwisho wa mwezi huu.

Wiki iliyopita nilinunua karanga kwa mama mdogo na nikakunjua karatasi. Ilikuwa kadi ya Papa Lukumani. Imepakaa mafuta lakini nyekundu inasomeka: 1949, mashahidi Sefu na Édouard. Nimeificha ndani ya kitabu changu cha sarufi ya Kifaransa.

Ninaogopa kumwambia. Si kipigo, Papa hapigi. Ninaogopa uso wake. Ao ninyamaze, aende Yahuma apumzike, labda atasahau? Ukichapisha hii, ujue kwamba mimi ndiye ninamsomea gazeti kila Ijumaa kwa sababu ya macho yake, na ukurasa wako ndio anaupenda, lakini nitauruka, nitasema wiki hii haukutoka.

Ni mimi,
Nyota wa Mangobo

MAMA MSHAURI ANAJIBU

Binti yangu, barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nimesimama, maana sikuweza kukaa.

Nianze na la huruma, kwa kuwa ni fupi. Kazi uliyopewa ilikuwa ya watu wazima watatu, na uliifanya kwa vidole vya mtoto wa shule, jioni, bila courant. Kuhusu tarehe sitasema mengi. Aliyeipanga hakutoboa hata kadi moja. Kuruka nyekundu ni kosa la mtu aliyechoka. Kusema ndiyo mbele ya mkubwa ni kosa la mtu aliyeogopa. Hayo mawili baba yako angekusamehe kabla hujamaliza kusema, nami nimekusamehe hapa.

Lakini ile buluu, mwanangu. Mtu alikuuliza rangi kwa sababu alikuwa anajaribu kukumbuka, na wewe ukampa kitu cha kukumbuka ambacho hakikuwepo. Kaye ile haikupotea nyumbani kwenu. Kilichopotea ni imani ya baba yako juu ya kichwa chake mwenyewe, kichwa kilichobeba miaka ya watu wote wale wakati karatasi zilikuwa majivu. Unasema unaogopa uso wake. Uso upi unaokushinda, huo utakaouona ukimwambia, au huu unaouona kila jioni akipanda darini?

Unauliza kama ataenda Yahuma na kusahau. Hapana. Atakwenda Yahuma na kukaa miaka iliyobaki akijaribu kukumbuka. Na kila atakapopoteza kisu au kofia, atajiambia ndiyo yale. Usinyamaze. Kwa hilo sina jibu la pili.

Sasa sikiliza la kufanya. Kwanza nenda kwa mama yako mdogo leo, si kesho, umwombe kila kadi iliyobaki kwenye kikapu chake, hata zilizokwisha kukunjwa. Mwambie ukweli, mwuza karanga ameshasikia makubwa zaidi ya hayo. Zitakazopatikana zinyooshe, pasi mnayo. Zisizopatikana msizililie sana. Miaka ile haikutoka kwenye kadi, ilitoka midomoni mwa watu. Baba yako aliwaita wazee pamoja na mashahidi wao na kuandika. Wengi wao bado wako, mmoja anakaa kwenye ngazi yao kila Ijumaa. Majina thelathini na moja yako kwenye mashine. Wakae tena, waseme tena, na safari hii mwenye kuandika ni wewe, mbele ya baba yako, mpaka wa mwisho. Utakosa kucheza likizo hii. Basi ukose.

Kwa Papa Lukumani utakwenda mwenyewe. Haya yako iache nyumbani kwa saa moja. Mwambie kwa nini analala kwenye mkeka, kisha nyamaza, umwache aseme lolote atakalosema.

Lile la kupita mlango wa nyuma si lako kulipeleka kwa Directeur. Ni la baba yako, yeye ndiye atakayejua aliseme vipi na lini. Kampuni hukuitaja, nami sikuitafuta. Na ile barua ya Kifaransa usiichane. Uliiandika yeye akiwa hajui. Akishajua, mikono ya kuichana anayo.

Umeniambia utauruka ukurasa huu. Hilo nililitazamia. Nimeomba barua yako ipite mbele ya nyingine ili itoke Ijumaa hii, kabla ya Jumatatu yenu. Majina na mtaa nimebadilisha. Rangi ya kaye nimeiacha.

Basi Ijumaa atavua viatu, atakaa kwenye kiti chake na kukuambia umsomee ukurasa wa Mama Mshauri. Msomee. Usiruke mstari hata mmoja. Umekwisha kuona kinachotokea ukiruka. Soma pole pole, kwa lugha ya nyumbani kama ilivyoandikwa. Ukifika kwenye buluu usiharakishe. Endelea mpaka hapa. Akikuuliza huyu mtoto ni wa nani, usijibu kwanza. Fungua kitabu chako cha sarufi, umwekee ile kadi mkononi, upande wa nyekundu ukiwa juu.