Kamba ya Kaka Zangu

Mjukuu na mume wangu Sefu,

Huku Doha tu wazima. Mtoto wa shangazi yako ameota jino, nami bado namlea. Unauliza utauvushaje mtumbwi kwenye maporomoko ukiwa peke yako.

Nilipokuwa msichana nilikata vigogo vya mgomba, nikavilaza njiani kando ya maporomoko, nikausukuma mtumbwi juu yake. Mgomba mbichi unateleza. Kila nikipita gogo, nalitoa nyuma nalilaza tena mbele. Umbali uliobaki sikuutazama. Nilitazama gogo la mbele tu.

Kaka zangu waliningoja chini na kamba, tayari kuja kunivuta. Nilitokea naimba. Nikawaomba ile kamba, nikatungia perege niliowavua huko juu.

Nenda, mume wangu. Kamba ya samaki usiisahau.

Bibi yako,
Mtaa wa Abu Hamour, Doha