Baba, Ulikuwa Mfupa

Baba,

Shikamoo. Najua leo hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini sijui kuanza na wewe kwa namna nyingine.

Daktari Mzungu wa Moshi ametueleza kilichokuua. Alipokupasua alikuta utumbo mpana umetoboka, na tunduni kimekwama kibanzi cha mfupa wa mbuzi, chembamba, chenye ncha. Uchafu ulikuwa umeshamwagika tumboni, hakuwa na la kufanya. Huo mfupa nimeuona kwa macho yangu. Nikakumbuka ulivyokuwa ukimeza nyama bila kutafuna, nasi tukikutania kwamba meno umewaachia wajukuu. Jamani, baba, tulikuwa tunacheka nini?

Kumbe huku Mwika walishahukumu. Desturi unaijua: mwanamke aliyepika mbege, pombe yetu ya ndizi, huionja kwanza mbele za watu, ndipo mume anywe. Siku ile tulipochinja mbuzi, mama alipoinua kata aonje, ulimpokonya kwa mzaha, ukasema kiu haingoji adabu. Watu wakacheka. Tumbo lilipokushika, mzaha wakausahau, wakakumbuka tu kwamba mama hakuonja. Wakasema ni sumu.

Nilimpelekea Baba Mkubwa, kaka yako, maneno ya daktari. Akaniuliza Mzungu anajua nini habari za mbege. Kisha akainamisha kichwa, na hapo nikaelewa. Yeye ndiye aliyekukatia fungu lako la nyama siku ile, kwa panga, mifupa ikiruka. Kama ni mfupa, atalalaje? Afadhali iwe sumu ya mama.

Wamemfukuza mama kihambani, kwenye shamba la ukoo. Yuko kwa mjomba, na hata hapo migombani ulipolala haruhusiwi kukanyaga. Mkeo hakukuzika, baba. Uchungu wa hilo sina pa kuutua.

Nilikwenda kumweleza habari ya mfupa nikidhani atapumua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, una hakika si mimi?"

Nimechoka, baba. Ukweli ninao mkononi na haumfai mtu.

Lala salama. Watu wa ukoo siwawezi, siwezi kukudanganya. Ninachokuahidi ni hiki kimoja: kila Jumapili tukitoka ibadani nitashuka kwa mjomba, nikae na mama, nimwambie ulikuwa mfupa. Akiniuliza tena, nitamwambia tena, mpaka aamini, hata kama ni yeye peke yake.

Binti yako,
Ndeanasia