Siku ya Kuzoea Hewa, Kambachen

Jumatatu, 16 Oktoba. Ghunsa.

Nimeuza fimbo mbili za mianzi! Moja kwa Hanneke, moja kwa mumewe Ruud. Nimewaambia zimetoka kwa babu yangu. Babu alikufa kabla sijazaliwa, lakini mianzi ni yake kweli, iko nyuma ya choo.

Wageni ni hao wawili tu, Waholanzi. Hanneke alikuwa mwalimu wa hesabu, sasa amestaafu. Ruud anapumua kama dume la kulimia, lakini anapanda. Kiongozi ni shemeji Dilhang, mume wa dada Phulmaya. Mimi msaidizi — mbeba mzigo, mchemsha chai, mchekeshaji, vyote kwa mtu mmoja.

Shemeji karudi kutoka Qatar, wiki mbili tu zimepita. Miaka miwili kakaa ghala la kuku wa barafu. Leo alibaki nyuma. Nikamtania kwamba huko Qatar mlima mrefu ni kontena juu ya kontena. Akasema yeye alikuwa anapanda huku wakati mimi nakojoa kitandani. Kweli. Eti mlima unamjua.

Mwenye nyumba katuletea pombe ya ulezi ya moto, ya karibu tena nyumbani. Kwetu Walimbu, watu wa milima hii, hiyo haikataliwi. Shemeji kamaliza mbili, kalala bila kula.

Jumanne, 17 Oktoba. Kambachen.

Pale kwenye poromoko la mawe, kabla ya kufika hapa, watu hupita mbio, mawe hayana miadi. Wote tulikimbia. Shemeji alitembea. Katikati akasimama, mikono magotini. Nikamwita. Hakuinua hata kichwa.

Jioni kupima hewa. Kampuni imetupa kile kidude cha kubana kidoleni, kinachosoma hewa ya damuni kwa mia, na karatasi yenye majina yote, ya wageni na yetu. Wageni tunawapima. Sisi tunajijazia tu — 91, 92, 91. Viongozi wote ndivyo wanavyofanya, nani ampime samaki kama anajua kuogelea? Hanneke 85. Ruud 83. Nikamvizia shemeji, nikambana kidole, utani tu.

61.

Akasema betri imekufa. Nikajibana mimi, 87. Basi betri ni nzima. Akacheka. Nikacheka. Nikajaza 91.

Jumatano, 18 Oktoba. Kambachen.

Siku ya kuzoea hewa. Unapanda juu mpaka kichwa kikugonge, halafu unarudi kulala chini. Mwili unafundishwa kidogo kidogo. Kiongozi ndiye hutangulia.

Asubuhi shemeji yuko kwenye benchi, anafunga kamba za kiatu. Anafunga, anafungua, anafunga. Chai imepoa pembeni. Akaniambia niende nao mimi, yeye anapanga mambo ya kesho. Kesho kuna nini cha kupanga? Kesho ni miguu tu.

Tukapanda upande wa Jannu. Mlima mzima mweupe, hakuna upepo, hata kunguru hakuna. Sipendi mlima ukinyamaza hivyo. Nikapiga hadithi zangu, Ruud kacheka mpaka kaketi. Hanneke hakucheka. Akauliza Dilhang yuko wapi. Nikamwambia yule kazaliwa huku, ana mapafu manne, hahitaji mazoezi.

Akasema, "Sukra, nimeiona ile karatasi yenu. Siku saba. 91, 92, 91, 92. Nimesahihisha mitihani miaka thelathini. Namba za namna hiyo huwa ni za kuigilizia."

Nikageuka, nikatangulia kushuka.

Tulishuka haraka, magoti yanalia. Shemeji yuko uani juani, kavaa makoti yote mawili. Midomo rangi ya zambarau. Akikohoa kifua kinachemka kama sufuria. Nikamwomba atembee kufuata ukuta wanaoanikia kinyesi cha yaki, wale ng'ombe wa manyoya wa huku, kama mchezo. Hatua tatu, ya nne kaukumbatia ukuta.

Sasa tabu yangu ni hii. Mimi ni mdogo wa mke wake. Naruhusiwa kumtania mpaka machozi yamtoke. Kumwamuru, hapana. Hata baba mzazi angenizaba kofi. Nikasema taratibu, shemeji, tushuke Ghunsa leo leo, kwenye hewa nzito.

"Safari ya kwanza tangu nirudi," akasema. "Ukinishusha mbele ya wageni, nani atanipa nyingine? Nitarudi kwenye wale kuku. Nipe mpaka kesho."

Nikampa. Mimi huyu huyu! Kama vile kesho ni yangu.

Mwenye nyumba wa hapa kapika supu ya kitunguu saumu. Alisimama mlangoni anasikiliza kile kikohozi. Akasema mwaka juzi alikisikia kama hicho, chumba hicho hicho. Nikamngoja amalize. Akaondoka na bakuli.

Alhamisi, 19 Oktoba. Njiani.

Asubuhi hakunijua. Aliniita bosi. Akaniomba ruhusa aende chooni, dakika tano tu, bosi, nitafidia.

Nikakaza sauti. Nikamwambia aingie kwenye kapu langu la mizigo.

"Ndiyo, bosi." Akaingia. Mtu mzima, kakunja magoti kama mzigo wa viazi.

Tumekata ubavu mmoja wa kapu miguu ipite. Nambeba mgongoni kwa mkanda wa paji la uso. Hanneke kabeba mzigo wangu, hataki kusaidiwa. Ruud nyuma anamshika shemeji kichwa. Mchunga yaki mmoja katangulia Ghunsa tangu alfajiri kuita helikopta, huku simu hazishiki. Lakini ukungu umepanda kutoka bondeni, umeziba kila kitu. Helikopta gani itaingia humo?

Sasa tuko ukingoni mwa poromoko. Mawe yanashuka tangu jua lilipogusa juu. Moja, kimya, mawili. Nikiwa na mtu mgongoni siwezi kukimbia. Nimekaa naandika, nangoja mawe yatulie. Mate yake yana rangi ya waridi. Hanneke kaona, kafuta na kitambaa chake, kakikunja mfukoni asimwonyeshe mumewe.

Shemeji kafungua macho. Safari hii kanijua.

"Sukra. Tunapanda au tunashuka?"

"Tunapanda, shemeji."

"Vizuri. Wageni waende polepole."

Sauti yake ile ya kazi. Kisha kafumba tena. Nimembana sikio, nimembana mkono. Anapumua — nusu, nusu.

Mawe yamenyamaza. Hanneke anasema: sasa. Navaa mkanda.