Ua wa Masale Umebaki Kipara

Shikamoo Anti Maulida, nisaidie maana nimekwama, mimi ni mama wa nyumbani hapa Engutoto, mume wangu Ndesanjo ni mwalimu, mchapakazi, kanisani hakosi, lakini hasira zake, jamani! Kampiga kofi fundi bomba, kampiga ngumi jirani kisa kuku, meza ya sebuleni ina miguu mitatu, mimi hajanigusa bado, na kila akishapiga mtu, kesho yake anachuma jani la sale kwenye ua wetu anampelekea, na kwetu Wachaga ukiletewa sale lazima usamehe hata kama umevimba jicho, basi watu wanasamehe, ua umebaki kipara, na tangu kaka yake afariki ndiyo kabisa, usingizi hana, akiupata anapiga kelele "Sirudii tena, mwalimu!", mtu mzima mwenye mvi, maana naye kasomeshwa kwa viboko. Sasa juzi mwanetu Bariki wa darasa la tatu kamtandika mwenzake shuleni, kuulizwa, kafungua begi akatoa jani la sale, kumbe alilichuma asubuhi kabla hajaenda kupiga! Shule wanataka kumsimamisha. Nilicheka, halafu nikalia. Mama mkwe anasema ni damu ya kiume, niache. Anti, nifanyeje, au nipande masale mengine?

Irine, Engutoto

Marahaba Irine. Pole sana, mama. Ila upande masale mengine? Wewe mwanamke wewe! Sale ni la mtu anayeacha kosa lake, mumeo analitumia kama tiketi, na mtoto kaona tiketi inakatwa mapema. Mama mkwe mwambie kwa heshima zote kwamba damu haimtumi mtoto kuchuma jani asubuhi.

Mumeo si kichaa, na wagonjwa wengi wa akili hawajawahi kumgusa mtu. Lakini aliyefiwa, halali, na bado anaviota viboko vya utotoni, anahitaji daktari. Nendeni hospitali, muulizie wahudumu wa afya ya akili. Akigoma, mwite baba yake mdogo. Wakali wote wana mtu mmoja wanayemwogopa.

Na hiyo "bado" yako nimeiona. Akikunyanyulia mkono usingoje jani, beba mtoto, nenda dawati la jinsia polisi.

Jumatatu nendeni shuleni wote watatu. Ndesanjo amwombe radhi yule mtoto aliyepigwa, mikono mitupu, aseme kwa mdomo wake, "Mwanangu kujifunza kupiga, kajifunza kwangu." Atatokwa jasho. Usimpe leso, Bariki aone.