Mpishi Aliyetoroka na Dawa

Mdogo wangu,

Baba hajambo, bado anabishana na redio. Nimemaliza ule mchezo wa kambi ya theluji uliouacha kwenye kompyuta yako. Mara tatu yule mpishi aliyetoroka na dawa za kambi alirudi nikamfungia lango, na mara tatu baridi ilituua kwa kukosa mtu wa zamu ya moto. Jana Baba alichungulia begani kwangu, akasema, "Si umfungulie tu, mtoto wa watu?"

Nikafungua. Akaingia mikono mitupu, akachochea moto mpaka theluji ikayeyuka. Tumeshinda, wote saba kambini tuko hai.

Hukuja kumzika Mama, nami nimekununia mwaka mzima. Basi, yameisha. Kitanda chako Baba amekitandika mwenyewe, vibaya kama kawaida. Njoo ukitandike upya.

Dada yako