Shati Jeupe la Mlinzi wa Lango

Kwa mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za kaka yako. Mgongo wako umepoa? Mimi ni mzima, meno manne tu ndiyo yamenikimbia. Mkono wangu ni mzito kwa kalamu, nivumilie.

Najua habari ya msiba ulipata kwa simu. Binti yako tulimzika Jumanne, na wauza mboga wengine wawili wa soko letu. Kipindupindu hakikumpa hata siku mbili. Umeniuliza nani alaumiwe. Nakujibu.

Wa kwanza manispaa. Bomba la maji machafu limepasuka nyuma ya mabanda, wiki tatu wanapita wameziba pua. Wa pili bwana afya. Huja na gari, hupiga picha, huyo. Hata hivyo katika wazee wote alinichagua mimi nisimamie ndoo ya kunawia langoni, na alichagua vizuri. Hakupita mtu bila kunawa. Diwani mwenyewe nilimrudisha. Watu walisifu maji yangu kwamba hayanuki dawa kama ya soko la pili, wakasifu na shati langu, jeupe kuliko la daktari. Binti yako alikuwa akinitania, "Baba mkubwa, leo unaoa?" Kisha ananawa mara mbili, kwa heshima yangu.

Sasa mkosaji amepatikana: mama muuza chai. Wamevunja meza yake, wanasema birika lake ndilo lililoua, na manispaa imekubali upesi, maana mnyonge hana haki. Jana alikuja kwangu na watoto wake, akaniomba nimshuhudie kwamba alinawa kila asubuhi. Nikamwambia nitafikiri. Mimi, wa kufikiri!

Ndugu yangu, kaa kitako kwanza. Nilipewa makopo sita ya dawa ya kutia kwenye ile ndoo. Nikaona ni kuharibu mali, maji meupe yatiwe dawa ya nini, na mimi nimekunywa ya mtoni miaka sabini tumbo halijaniuma. Nikayapeleka nyumbani. Ndiyo niliyofulia shati.

Kopo moja limebaki. Kesho nalibeba kwa bwana afya, mama wa chai akiwapo, niseme. Nitavaa shati lile lile. Nililivaa kuzikia, na watu walilisifu.

Msomee shemeji barua hii yote, usiruke mahali. Mkiona hamwezi tena kuniita kaka, msinijibu.

Ni mimi,
wa langoni.